Kibao cha Kijiji Kizima

Kabla ya kibao kuletwa shuleni kwetu, kila mtoto aliyekimbia mita mia alichimba mashimo yake mwenyewe. Yalikuwa mawili, moja la mguu wa mbele na jingine la mguu wa nyuma, na tuliyachimba kwa bapa la jembe lililokwisha kulika, nyuma kidogo ya mstari wa majivu. Kuingia kwenye mashimo ya mwenzako ilikuwa utovu wa adabu, sawa na kunywea kata yake. Mimi nilipima la mbele kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. La nyuma nilipima kwa goti: nikipiga goti, goti lile liangukie ubavuni mwa kidole gumba cha mguu wa mbele. Likipita mbele au likibaki nyuma, nilifukia na kuchimba upya, na wenzangu walinisubiri huku wakinung'unika.

Nilikuwa mfupi. Bado ni mfupi, ila sasa watu wananiita bibi na ufupi wa bibi hausemwi. Wakati ule ulisemwa sana. Kwenye mstari wa wasichana wa mbio fupi nilikuwa mwisho kwa kimo na wa kwanza kwa maneno. Lakini mbio zikianza, mpaka wengine wajinyanyue, mimi nilikuwa nimeshaondoka.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Misigiri. Ilikuwa miaka ile watu walipokwisha kuhamia vijijini, nyumba zimepangwa mistari, na shamba la pamoja la alizeti limeanzia nyuma ya shule na kwenda mpaka kwenye mawe makubwa. Asubuhi tulilima, mchana tulisoma, na jioni tulikimbia. Nikikumbuka miaka hiyo nasahau njaa yake, na hilo si haki, kwa sababu njaa ilikuwepo. Lakini moyo unajichagulia, na wangu umechagua jioni zile, vumbi jekundu, na mwalimu wetu wa michezo akipiga filimbi mpaka mashavu yanamvimba.

Mwalimu huyo alikuwa kijana, ametoka chuo cha ualimu hajamaliza hata mwaka. Ndiye aliyetufundisha kuwa mtu hakimbii kwa kuruka juu, anakimbia kwa kusukuma ardhi. Hatukumwelewa. Basi siku moja lori la ushirika lilinasa kwenye tope la mbuga, akatupeleka darasa zima kulisukuma. Tulisukuma, tukatukanwa na utingo, tukasukuma tena. Lilipochomoka, mwalimu akatuuliza, akiwa matope mpaka kwenye nyusi, "Nani alisukuma akiwa amesimama wima?"

Hakuna. Wote tulikuwa tumelala mbele, vichwa chini, matako nyuma, miguu imechimba.

"Basi ndivyo mtakavyoanza mbio," akasema. "Ardhi ndiyo lori lenu."

Kuanzia siku ile nilijua mwili wangu unafanya nini, na sijui kama kuna furaha kubwa kuliko hiyo kwa mtoto. Kwa neno la kwanza unapiga goti na kuweka vidole nyuma ya mstari, mikono imenyooka, mabega yamepita vidole kidogo tu. Kwa neno "tayari" unanyanyua kiuno mpaka kipite mabega, na uzito unaingia vidoleni mpaka vinatetemeka. Goti la mbele limekunjwa kama kona ya meza. La nyuma limelegezwa zaidi, lakini halijanyooka. Mlio ukitoka, miguu yote miwili inasukuma. Wa nyuma ndio unaotoka kwanza, na wa mbele unabaki ukimalizia kazi mpaka unyooke wote. Hatua za mwanzo ni fupi na za chini, kana kwamba unapita chini ya kamba ya nguo. Na kichwa hakiinuki. Hilo mwalimu alilirudia kuliko yote. Ukiinua kichwa, mgongo unafuata, na mgongo ukifuata umeshasimama, na aliyesimama hasukumi tena.

Sasa niseme kilichokuwa moyoni mwangu, maana kilikuwa kimoja tu. Nilitaka baba anione.

Baba yangu alifanya kazi ya reli Itigi, kwenye gengi la kutengeneza njia. Alikuja nyumbani Krismasi, na mwaka wa bahati alikuja pia wakati wa mavuno. Alikuja na asali ndani ya debe na mikono iliyochubuka, akawauliza kaka zangu habari za mbuzi, mmoja mmoja, mbuzi kwa jina lake. Mimi alinishika kichwa akasema, "Huyu naye amekua." Basi. Mwaka uliofuata tena, "Huyu naye amekua." Sikumchukia. Lakini nilikuwa na hasira naye, hasira ya mtu anayemtaka mwenzake. Sikuwa na mbuzi. Nilikuwa na mbio tu, na mbio hazingojei Krismasi.

Ndipo mwalimu akatangaza kwamba mashindano ya shule ya mkoa mwaka ule yatafanyika Manyoni, na kutoka Itigi mpaka Manyoni ni mwendo mfupi tu kwa treni. Nadhani sikusikia neno jingine siku ile. Kijiji kingetoa msichana mmoja wa mita mia. Nilijiapiza nitakuwa mimi, hata kama ni kwa kung'ata.

Tangazo lilikuwa na mkia. Huko Manyoni hakutakuwa na mashimo. Kutakuwa na vibao vya kuanzia, vya chuma, na kila shule ijizoeze. Mwalimu, ambaye naye alikuwa ameviona kitabuni tu, alivichora ubaoni: mti katikati, na vibao viwili vya kukanyagia vilivyoegemea, kimoja mbele, kimoja nyuma. Hapo mwenyekiti wa kijiji akaingilia, kwa nia njema kabisa.

Mwenyekiti alikuwa mtu mwadilifu. Alitaka kibao kitengenezwe na seremala wetu kwa mti wa mninga wa kijiji, na kiwe mali ya kijiji kizima. Seremala akauliza vibao vya kukanyagia avigongomee wapi. Kamati ikakaa. Mmoja alisema vigongomelewe kwa kipimo cha msichana mrefu kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na sura ya ushindi. Mwenyekiti akakataa. "Hatuwezi kuwa na kibao cha mtoto wa mtu," akasema. "Pimeni wote, tuchukue katikati."

Tukapimwa kwa uzi, miguu yote ya shule, wavulana kwa wasichana, na katikati ikapatikana. Seremala akapigilia misumari minene ambayo hata mchwa wasingethubutu kuigusa. Kibao kikazinduliwa kwa ngonjera.

Hakikumfaa mtu. Msichana mrefu alipokikanyaga, magoti yalimfika kidevuni, na mlio ulipotoka aliruka juu kama chura kisha akatua palepale. Mimi kilinivuta nyuma. Nikinyanyua kiuno, miguu yangu ilikuwa imeshanyooka kabla ya kuanza, na mguu ulionyooka hauna cha kusukuma tena. Nilianguka kwa uso mara nyingi mpaka mama akaniuliza kama shuleni tunafundishwa kupigana. Mtu mmoja tu kilimkaa sawasawa, mpishi wa uji, mama wa makamo ambaye hakuwa na habari na mbio. Alijaribu siku moja kwa utani, mwiko mkononi, akatoka vizuri kuliko sisi wote. Tulicheka mpaka uji ukaungua.

Niliomba kibao cha nyuma kisogezwe, hata kwa siku moja. Mwenyekiti akanitazama kwa huzuni ya kweli. "Mwanangu, ukikisogeza kwako, umemnyang'anya mwenzako. Mali ya umma haichezewi." Nikasema ndiyo, shikamoo, nikaondoka nikiwa nimenuna. Lakini maneno yale yaliingia. Tuliimbishwa kila siku mstarini, na mimi niliamini. Sisemi hivi kwa kumcheka. Ninaijua nchi ambayo kila mtu anasogeza kila kitu kwake, na siipendi zaidi.

Siku ya kuchagua, usawa ule ule uliniokoa. Kwa kuwa kibao ni kimoja na wasichana ni wengi, mwenyekiti aliamua hakuna atakayekitumia. Tukachimba mashimo. Nilipima mkono wangu, nikapima goti langu, na nilishinda kwa nafasi ambayo hata msichana mrefu hakubisha.

Mama alimtuma dereva wa lori la ushirika lililokuwa linapeleka magunia Itigi. "Mkute baba yake pale kwenye gengi," alimwambia. "Mwambie mtoto atakimbia Manyoni Jumamosi." Dereva akasema atafika. Jibu halikurudi, maana lori lenyewe halikurudi kabla hatujaondoka.

Tulikwenda Manyoni juu ya lori jingine, tumekalia mikeka, tukiimba mpaka Singida mjini, na baada ya Singida tukitapika. Uwanja wa Manyoni ulikuwa mpana kuliko mahali popote nilipowahi kuambiwa nikimbie. Mistari ilikuwa ya chokaa, si ya majivu. Vibao vilikuwa vya chuma kweli, vimepigiliwa ardhini, vizito, vinang'aa pale palipokanyagwa.

Asubuhi tulikimbia mchujo. Nilikikanyaga kibao kama nilivyokikuta. Aliyekitumia kabla yangu lazima alikuwa twiga, kwa sababu kilikuwa nyuma kuliko hata kile cha kwetu. Nilitoka wa mwisho, nikakimbia kwa hasira tupu, nikaingia fainali kwa nafasi ya mwisho kabisa. Mwalimu hakunikemea. Aliniambia ninywe maji. Na mimi nilikuwa natazama umati tu. Baba sikumwona.

Mchana jua lilisimama juu ya vichwa. Umati wote ulikuwa kule mwisho, kwenye utepe, penye turubai la wageni. Huku mwanzoni tulikuwa wasichana wa fainali, mwanzishaji na bastola yake, na watu wachache waliokosa kivuli. Niliwapitisha macho haraka, sikuona ninayemjua, nikaamua hakuja. Nakumbuka hasa jinsi nilivyoamua, kama mtu anavyofunga mlango. Nikasema moyoni, basi na asije.

Kwenye njia ya pembeni yangu alikuwa msichana wa shule ya Kintinku. Tulipoambiwa tujiandae, alipiga goti, akashika kibao cha nyuma kwa mikono miwili, akakivuta. Kikalia *kwaa*. Kikasogea. Akapima kwa mguu, akakivuta tena.

Damu ilinipanda. Nilinyoosha mkono juu kabisa, kama darasani, nikapaza sauti uwanja mzima usikie.

"Mwalimu! Mwalimu! Huyu anaharibu mali ya umma!"

Mwanzishaji, mtu mzima mwenye kofia nyeupe, alikuja pole pole. "Anaharibu nini, binti?"

"Kibao. Amekisogeza kwake. Na wengine watakaokuja?"

Msichana wa Kintinku alikuwa wa kwanza kucheka. Kisha wakacheka wote, mpaka wale waliokosa kivuli. Mwanzishaji alijaribu kujizuia, kofia ikamshuka machoni. Alichuchumaa mbele ya kibao changu, akanionyesha meno kwenye kile chuma kirefu cha katikati. "Vimetengenezwa visogee, mwanangu. Kila mtu anaweka pake. Ukimaliza, mwenzako naye anaweka pake." Halafu akauliza, kwa upole ulioniuma kuliko kicheko, "Asubuhi ulikimbiaje?"

"Kama nilivyokikuta."

Akatikisa kichwa. "Haya, weka pako. Tunakusubiri."

Nilipima mkono, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Nilivuta cha mbele, chuma kikalia. Nilipiga goti, nikavuta cha nyuma mpaka goti likaangukia ubavuni mwa kidole gumba. Masikio yalikuwa yanawaka kwa aibu. Lakini nilipoweka nyayo, nilijua. Nilikuwa nimerudi kwenye mashimo yangu, ila haya hayakubomoka.

"Kwenye nafasi zenu."

Goti, vidole, mabega.

"Tayari."

Kiuno kikapanda. Sikusikia umati, sikukumbuka baba. Nilisikia uzito wangu wote umejipanga, kila kiungo kwenye zamu yake.

Bastola ikalia na mimi sikuwa pale tena. Sijawahi, kabla wala baadaye, kutoka vile. Nilisukuma mpaka nikasikia mguu wa mbele umekwisha kunyooka, na bado nilikuwa chini, natazama chokaa ikipita. Sikuona mtu yeyote mbele yangu kwa sababu hapakuwa na mtu mbele yangu. Nilikuwa peke yangu Manyoni nzima.

Kisha nikainuka, kama inavyopasa, na miguu mirefu ya wenzangu ikaanza kazi yake. Wa Kintinku alinipita katikati ya njia. Wakanipita wengine wawili karibu na utepe. Ufupi ni deni, unalilipa mbele ya safari. Nikawa wa nne, na wa nne hapewi kitu. Anapewa mkono.

Nilitafuta uso wa baba kwenye turubai, nikatafuta nyuma ya turubai, nikatafuta kwenye mti wa wauza karanga. Mwalimu alinipigapiga bega akisema nimetoka vizuri ajabu. Nilirudi mwanzoni kuchukua kanga yangu, natembea pembeni ya chokaa, na machozi nimeyaachia kwa kuwa huku hakukuwa na mtu.

Kulikuwa na mtu. Alikuwa amesimama nyuma ya vibao, kaptula ya kazi, kofia mkononi, mafuta meusi mpaka kwenye viwiko. Alikuwa ameshika kanga yangu, ameikunja vizuri.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

Baba hakuwa mtu wa kuanza maneno. Nilimuuliza alifika saa ngapi, akasema treni ya mizigo imemshusha mchana, hata kunawa hakunawa.

"Sasa mbona umesimama huku?" nikauliza, na sauti ikanitoka kwa ukali, kwa sababu sikuweza kuizuia. "Watu wote wako kule. Watu wanaangalia kule mwisho!"

Alitazama kule mwisho, akatazama kofia yake. Aliongea Kinyiramba, kwa sauti ya chini. Alisema, "Waliniambia. Lakini kule mnapita kwa kasi, na vumbi. Ni siku nyingi sijakuona. Niliogopa nisikutambue."

Nilimsogelea hatua moja.

"Huku mlikuwa mmetulia," akaendelea. "Nikapita nyuma yenu nikitazama, mmoja mmoja. Mmevaa sawa, mmenyoa sawa, mmeinamisha vichwa. Hata hapo sikukutambua. Mpaka uliponyoosha mkono na kumshtaki mwenzako." Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hapo nikasema, huyo ni wa kwangu. Hiyo ni sauti ya mama yangu kabisa."

Nilicheka huku nalia, na yeye akanipa kanga nijifute. Kisha akauliza, "Umekuwa wa ngapi?"

Nilishtuka. Sikuwa nimefikiri kwamba hajui. Kutoka pale aliposimama kulikuwa na migongo tu na vumbi, na mwisho wa mbio haukuonekana.

"Wa nne," nikasema, nikitazama vidole vyangu vya miguu.

Baba alifikiri. Alikuwa mtu wa reli, alipenda kuhakikisha. "Hiyo ni ya huko," akasema. "Mimi sikuwa huko. Hapa ulikuwa wa kwanza. Niliona mwenyewe."

Treni yake ilikuwa jioni ile ile. Alirudi Itigi, na mimi nikarudi kijijini kulima alizeti, na mwaka uliofuata nilimaliza darasa la saba, mbio zikaisha hapo. Hakuniona tena nikikimbia. Lakini Krismasi ya mwaka ule wa Manyoni alipokuja na debe lake la asali, jirani walipojaa kumpa pole ya safari, kabla ya kuuliza habari ya mbuzi hata mmoja alinishika kichwa, akawaambia wote, "Huyu alikuwa wa kwanza Manyoni." Alisema hivyo mwaka uliofuata, na uliofuata, kwa wakwe zangu, kwa wanangu, kwa muuguzi aliyempa dawa siku zake za mwisho. Chumbani kulikuwa na mimi, mama, na kaka zangu, wote tunajua ni nani aliyekata utepe. Hakuna aliyemsahihisha.